Nani husonga ugali wa filamu zetu?

MWEZI uliopita, jirani yangu mmoja hapa Kisian alinijia jioni na bahasha ya kaki mkononi. Ni mama wa makamo. Sisi majirani humwita kwa jina la alikozaliwa, kama ilivyo desturi ya Waluo, na katika makala haya nitamwita Nyar Alego, ingawa si Alego alikozaliwa. Ndoa yake ya miaka ishirini na kitu imevunjika, na suala la kugawana mali liko mahakamani. Wakili wake alikuwa amemwagiza aandike, kwa maneno yake mwenyewe, alichochangia katika boma lile tangu alipoolewa. Kwa kuwa mimi ni mwalimu wa lugha, alidhani ningejua pa kuanzia.

Nikachukua kalamu, nikamwambia aseme nami nitaandika. Alinyamaza kwa muda, kisha akasema: "Sasa Japuonj, si nitakuwa nadanganya korti? Mimi sikuwa nafanya kazi. Nilikaa tu kwa nyumba."

Ua wangu na wake umepakana kwa zaidi ya miaka kumi na mitano. Mumewe alikuwa akifanya kazi Mombasa na kuja nyumbani Pasaka na Krismasi. Kabla ya maji ya mfereji kutufikia, nilizoea kumwona mama huyu alfajiri akipanda kutoka ziwani na ndoo kichwani. Nyumba ya mawe wanayoigombania ilijengwa yeye akiwepo. Pesa zilitumwa kwa simu, naam, lakini aliyehesabu mifuko ya saruji, akawapikia mafundi na kulala macho ili mabati yasitembee usiku ni yeye. Mama mkwe wake alipopooza upande mmoja, ni yeye aliyemuuguza miaka mitatu hadi siku ya mazishi.

Mtu aliyefanya haya yote amejifunza wapi kusema "nilikaa tu"?

Kineno 'tu'

Wasomaji wa ukumbi huu wanajua kwamba "tu" ni kielezi kidogo chenye kazi kubwa, nayo ni kupunguza. Mwenye mia moja mfukoni husema "nina mia tu." Mgonjwa asiyetaka kusumbua watu husema "ni homa tu." Ukimuuliza mwanamke wa Kisumu asiye na ajira siku hizi anafanya wapi, mara nyingi atakujibu kwa maneno mawili: "Niko tu."

Kitenzi kinachotangulia nacho hakimsaidii. Vumbi hukaa, mgeni hukaa, maji hukaa mtungini. Katika kukaa hamna jasho. Na si kwamba Kiswahili kimepungukiwa na maneno ya kumweleza mama huyu. Tunayo kuchota, kufua, kusuuza, kupiga deki, kupepeta, kuchambua, kusonga, kuogesha, kubembeleza, kuuguza. Lugha imetupa ghala zima, nasi tumechukua neno moja tukafunga mlango.

Maneno ya namna hii hufundishwa na wengi: mama zetu, fomu za serikali zenye nafasi ya "kazi", mahubiri ya Jumapili. Leo nataka niwahoji walimu wawili ninaowafahamu vizuri zaidi, yaani filamu na vipindi tunavyopenda kutazama, na sisi wahakiki tunaovieleza.

Bawabu na mkewe

Nianze na kipindi ambacho Nyar Alego mwenyewe alikuwa hakikosi. 'Papa Shirandula' kilirushwa na runinga ya Citizen kwa zaidi ya mwongo mmoja, na mhusika mkuu aliigizwa na Charles Bukeko hadi alipofariki Julai 2020. Kiini cha vichekesho vyake ni uongo mmoja. Papa ni bawabu jijini, lakini anamficha mkewe, Wilbroda, ambaye anaamini mumewe ana kazi ya maana ofisini. Jacqueline Nyaminde alimwigiza Wilbroda kwa ustadi uliowafanya wengi wamwite kwa jina hilo hata nje ya runinga.

Miaka kadhaa iliyopita nilikihakiki kipindi hiki mbele ya wanafunzi wangu wa uzamili. Nilizungumza kwa kirefu kuhusu aibu ya mwanamume maskini mjini, kuhusu matabaka, na kuhusu lafudhi kama chombo cha ucheshi, nikilinganisha na 'Vitimbi' ya enzi za Mzee Ojwang' na Mama Kayai. Kuhusu Wilbroda nilikuwa na sentensi moja: kwamba ni mke asiye na kazi, ambaye dhima yake ni kukaribia kuugundua uongo wa mumewe. Hakuna mwanafunzi aliyenipinga. Maandishi hayo ningali nayo kabatini.

Nikiyasoma leo naona nilipitwa na jambo lililokuwa mbele ya macho yangu. Kazi ya bawabu ni nini hasa? Ni kukaa. Hukaa langoni akatazama nani anaingia na nani anatoka, ili mali ya mwenyewe isiharibike wala isipotee. Akikaa hivyo mwezi mzima, kampuni humlipa, nasi sote twaiita kazi. Papa anaona aibu kwa sababu kazi yake ni ndogo. Hakuna anayesema si kazi. Wilbroda naye analinda. Analinda nyumba, analinda jina la ukoo, analinda hata heshima ya mume anayemdanganya. Kwa ulinzi huu hapati mshahara, na profesa mzima akaandika "asiye na kazi". Kipindi kizima kimesimama juu ya walinzi wawili ambao mmoja tu ndiye anayelipwa. Kichekesho hicho kilikuwa kikubwa kuliko vyote nilivyowaorodheshea wanafunzi, nami nilikiruka.

Kazi ya yaya ina jina

Mtu anaweza kusema kwamba kazi za nyumbani hazina mvuto, ndiyo maana watunga filamu wanazikwepa. Hoja hiyo inavunjwa na vipindi vyetu wenyewe. 'Auntie Boss' ya NTV ilijengwa juu ya wafanyakazi wa nyumbani katika mtaa mmoja. Kazi yao, ujanja wao na ugomvi wao na waajiri ndiyo hadithi yenyewe. Nyce Wanjeri, aliyeigiza Shiru, alitunukiwa jijini Lagos mwaka 2018 katika tuzo za AMVCA kama mwigizaji bora wa kike wa vichekesho. Katika 'Papa Shirandula' pia, mhusika aliyepata umaarufu wa kushindana na wenye nyumba ni Awinja, mfanyakazi wa nyumbani aliyeigizwa na Jacky Vike.

Basi kamera inaijua njia ya kwenda jikoni. Inachohitaji ni mtu wa kuajiriwa. Jiko ni lile lile na sufuria ni ile ile, lakini akisimama pale yaya, kazi ina jina, ina kima cha chini cha mshahara kinachotajwa katika amri za serikali, na ina kipindi chake cha runinga. Akisimama mke, kazi inayeyuka. Anabaki mwanamke aliyeketi sofani akisubiri mlango ugongwe.

Siku hizi nina mchezo mmoja ninapotazama filamu na wajukuu. Baba wa filamu akiingia nyumbani, akavua viatu na kukuta ugali mezani ukifuka mvuke, mimi huuliza, "Huu umesongwa na nani?" Wajukuu wamenichoka, lakini swali halijapata jibu. Kamera haikuwepo. Kamera humfikia mama wa nyumbani mambo yakiharibika: chakula kimeungua, binti amepata mimba, mume amenaswa na mwanamke mwingine. Hapo ndipo anapopewa maneno ya kusema, na mengi yake ni ya kulia.

Wenzetu wa Tanzania wana neno la mtaani kwa mke asiye na ajira. Humwita golikipa. Wanamdhihaki kwamba amesimama golini akingoja kuletewa. Lakini sisi wa Kisumu, tuliokulia kwenye mechi za Gor Mahia, tunajua kipa ni nani. Akipangua mipira tisa, watu wataimba jina la mshambuliaji aliyefunga upande wa pili. Akiachia mmoja, uwanja mzima utalikumbuka jina lake hadi Jumapili ijayo. Waliolitunga neno hilo walikusudia kebehi, ila wamemweleza mama wa nyumbani kwa ukweli kuliko filamu nyingi nilizozitazama.

Sifa zinazofuta

Wahakiki hatuna haki ya kuwatupia lawama zote watunga filamu. Mama wa nyumbani akitufikia, tunazo kauli mbili. Kauli ya kwanza ni ya kumlaumu: ni tegemezi, hana maono, amekandamizwa na hajui. Ya pili ni ya kumsifu: ni mvumilivu, ni nguzo ya familia. Mwalimu yeyote aliyewahi kusahihisha karatasi ya fasihi anajua jinsi neno "mvumilivu" linavyomiminika mwanafunzi anapoulizwa sifa za mhusika wa kike. Tumewafundisha hivyo, na tunawapa alama.

Lakini hebu tulitazame neno lenyewe. Mvumilivu ni yule anayetendwa akanyamaza. Nguzo haisogei, haichoki, haiumwi mgongo, na hakuna anayeiuliza asubuhi imelalaje. Lawama inasema mama huyu hafanyi lolote. Sifa nayo, kwa adabu zaidi, inasema yale yale.

Nisiwaseme wengine nikajiacha. Katika tasnifu yangu ya uzamifu kuna ukurasa wa shukrani. Nimemshukuru msimamizi wangu "kwa mwongozo", maktaba "kwa huduma", na mke wangu "kwa uvumilivu". Wakati ule alikuwa ameacha kazi ya ukarani ili alee watoto wetu watatu. Watoto wakishalala, alikuwa anakaa mbele ya taipureta hadi usiku wa manane, akipiga chapa sura zangu, mara nyingine sura moja mara nne kwa sababu nilikuwa nabadilisha mawazo. Alipousoma ukurasa ule hakusema kitu. Miaka mingi baadaye, tukihamisha vitabu, aliufungua tena akaniuliza, "Hivi hapa nilikuwa navumilia, ama nilikuwa napiga chapa?" Sikuwa na la kumjibu.

Kumenya viazi

Kuna pingamizi moja ninayoiheshimu. Wahakiki wengi wa kike, wakiwemo niliowafundisha, husema kwamba ukiitukuza kazi ya nyumbani unamfungia mwanamke jikoni kwa kufuli ya dhahabu. Wana haki ya kuhofu. Vizazi vingi vya wasichana wetu viliondolewa shuleni kwa sifa tamu za aina hiyo. Lakini kutukuza na kuonyesha ni vitu viwili. Mimi siombi mama wa nyumbani apambwe. Naomba kazi yake ionekane, ili anayetaka kuikataa ajue anakataa nini, na anayeifanya ajue anafanya nini. Na akiifanya baba, kwa maana wapo, ionekane vile vile.

Kwamba inawezekana kuionyesha, ushahidi upo. Mwaka 1975 Chantal Akerman, mwanamke wa Ubelgiji aliyekuwa na umri wa miaka 25, alitoa filamu iitwayo 'Jeanne Dielman'. Ina urefu wa dakika 201. Inamfuata kwa siku tatu mjane anayemlea mwanawe wa kiume, ambaye pia huwapokea wanaume nyumbani mchana ili apate riziki. Anamenya viazi, na kamera inasubiri hadi amalize. Anatandika kitanda, anang'arisha viatu, anapika. Polepole mtazamaji anaanza kuogopa pale viazi vinapoungua, kwa sababu ameshajua utaratibu wa nyumba ile na anatambua umeanza kuvunjika. Mwaka 2022 jarida la Uingereza la 'Sight and Sound' liliwaomba wahakiki wa nchi mbalimbali kuchagua filamu bora kuliko zote. Filamu hiyo ndiyo iliyoshika nafasi ya kwanza. Iliwachukua wahakiki miaka 47 kufikia uamuzi huo, kwa hiyo nami nisijilaumu kupita kiasi.

Hatuhitaji kwenda Ubelgiji. 'Neria', filamu ya Zimbabwe ya mwaka 1993 iliyoongozwa na Godwin Mawuru kutokana na hadithi ya Tsitsi Dangarembga, inamweka mjane mbele ya shemeji anayedai kwamba kila kitu ndani ya nyumba kilikuwa cha marehemu ndugu yake. Nguvu ya filamu hiyo ni kwamba tumeshamwona Neria na mumewe wakijenga maisha kwa mikono minne, hivyo shemeji anapotaja "mali ya ndugu yangu" sisi tunajua ni uongo. Tumekuwa mashahidi. Hapa Kenya, 'Supa Modo' ya Likarion Wainaina, iliyotoka mwaka 2018, inatuonyesha mama anayemrudisha nyumbani mtoto asiye na tumaini la kupona. Wahakiki tulishangilia ndoto ya mtoto ya kuwa shujaa wa sinema, na ukarimu wa kijiji kilichomsaidia kuitimiza. Tulimtaja mama kama kizuizi kinachotaka mtoto abaki ndani. Tazameni tena mkiwa na jicho kwake. Mtoto anayeuguzwa nyumbani ana mtu anayeuguza, na mtu huyo ana saa 24 kama sisi.

Korti inauliza vitenzi

Huenda msomaji akasema haya ni mambo ya darasani. Yangekuwa ya darasani kama bahasha ya Nyar Alego isingekuwa mezani pangu.

Sheria imesafiri mbali. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed, ilikubali kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika kupatikana kwa mali ya ndoa. Sisi Wakenya tulichelewa. Hata mwaka 2007, katika kesi ya Echaria, Mahakama yetu ya Rufani ilikataa kuzihesabu kazi hizo. Ndipo ikaja Katiba ya 2010 na haki sawa katika ndoa, kisha Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013. Sheria hii inataja waziwazi kwamba mchango si wa pesa pekee. Unajumuisha kazi za nyumbani na usimamizi wa nyumba, malezi ya watoto, usuhuba, usimamizi wa biashara au mali ya familia, na kazi ya shambani.

Lakini Januari 2023 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Ogentoto, ilifafanua kwamba usawa huo hauna maana ya kukata mali nusu kwa nusu papo hapo. Kila mmoja athibitishe alichochangia. Uamuzi huo unaeleweka. Shida ni kwamba anayefanya kazi Mombasa ana hati za mshahara, ana stakabadhi za saruji, ana ujumbe wa pesa kwenye simu. Aliyekuwa nyumbani ana maneno yake. Na maneno tuliyompa sisi, katika filamu, katika uhakiki, katika karatasi za mitihani, ni "kukaa", "kungoja" na "kuvumilia". Akisimama kizimbani akasema "nilikaa tu", amejikata mwenyewe kabla wakili wa upande wa pili hajafungua kinywa.

Kwa walimu wenzangu nina ombi dogo. Mwanafunzi akiandika kwamba mhusika ni mvumilivu, mrudishieni karatasi aeleze mhusika huyo alifanya nini kuanzia asubuhi. Kwa waandishi wa miswada ya filamu, ombi ni dogo zaidi. Kabla baba hajaketi kula, mpeni kamera dakika moja aliyesonga.

Mimi na Nyar Alego tulitumia jioni tatu, mke wangu akiwa karani wetu kwa kompyuta. Niliweka sharti moja: kila sentensi ianze na kitenzi, na "kukaa" hakikubaliwi. Jioni ya kwanza ilikuwa ngumu. Jioni ya pili alianza kukumbuka, maji ya ziwani, karo aliyolipa kwa kuanika na kuuza omena, ng'ombe aliyezalisha usiku wa mvua. Jioni ya tatu nilimsomea ukurasa wa kuhusu mama mkwe wake, ambapo nilikuwa nimeandika: "Nilimtunza mama mkwe kwa miaka mitatu."

Akatikisa kichwa. "Hapana, Japuonj. Kutunza hata watoto wake walikuwa wanapiga simu kutoka Nairobi wakisema wanamtunza. Andika nilimgeuza. Kila saa mbili, mchana na usiku, ndiyo mgongo usitoke vidonda. Andika nilimgeuza."

Nikakata sentensi yangu, mke wangu akaandika yake.